Hivi "cross-sectional" maana yake nini hasa? Msimamizi kanirudishia pendekezo mara ya pili

#1 Kalamu Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nina shida na naomba nisichekwe sana, mkicheka chekeni kidogo.

Pendekezo langu la utafiti limerudi mara ya pili. Safari hii msimamizi hakuandika maneno mengi, kalizungushia neno moja wino mwekundu halafu pembeni kaandika "unajua maana yake?" basi, hakuna kingine. Neno lenyewe ni cross-sectional. Mimi nilikuwa nimeandika hivi, najinukuu: "utafiti huu utatumia muundo wa krosi-seksheni kwa sababu utahoji wanafunzi wa idara mbalimbali na wa jinsia zote." Nilijua niko sawa kabisa yaani, krosi si kuvuka, seksheni si idara, kwa hiyo kuvuka idara, imeisha hiyo.

Mada yangu ni matumizi ya simu usiku na usingizi kwa wanafunzi. Sasa tangu hilo neno lizungushiwe naliona kila mahali kama limeniroga. Nimeliona kwenye karatasi ya vipimo vya waya, kwenye kitabu cha baiolojia cha mdogo wangu chini ya picha ya shina la mmea, kwenye majibu ya CT skani ya mjomba, na juzi kuna jamaa wa mambo ya hisa analitumia. Hawa wote wanaongelea kitu kimoja au kila mtu na lake?

#2 Msomaji Kimya

Naweka mkeka hapa. Mimi nilishatetea, nikafaulu, na ukiniuliza maana yake leo nitakuambia tu "ni ile ya kugawa dodoso" 😂

#3 Bibi Takwimu

Kalamu Butu pole, na wala hujawa wa kwanza. Hilo kosa lako nimelikuta kwenye mapendekezo mengi mpaka nimezoea, ya "idara mbalimbali", "rika mbalimbali", "kada mbalimbali". Seksheni hapo si idara. Seksheni ni mkato. Ni kile unachokiona ukichukua kisu ukakata kitu kwa kukingama halafu ukatazama uso uliokatwa. Shina la mmea kwenye kitabu cha mdogo wako limekatwa hivyo, waya hivyo hivyo, na mjomba naye amekatwa ila kwa mionzi, hajaumia.

Kwenye utafiti kinachokatwa ni WAKATI. Fikiria maisha ya hao wanafunzi wako ni kamba nyingi zimelala sambamba, kila mtu kamba yake, inaanzia alipozaliwa inakwenda zake mbele. Wewe unakuja siku moja na panga unazikata zote kwa mkupuo, unatazama ncha. Huyu analala saa nne, yule saa nane, huyu ana simu mkononi, yule hana. Umeziona ncha, kamba zenyewe hujaziona. Hiyo ndiyo krosi-seksheni, kila mhusika unampima mara moja, na simu na usingizi unavipima kwa pamoja hapo hapo.

Kwa hiyo hata ukihoji idara moja tu, jinsia moja, darasa moja, bado ni krosi-seksheni. Na ukihoji idara ishirini lakini ukawarudia watu wale wale kila muhula kwa miaka mitatu, hiyo siyo tena, hiyo ni ya kufuatilia.

#4 Mbishi Halali

Bibie nakuheshimu ila hapo kwenye "siku moja" nakupinga. Mimi niliwahi kukusanya data miezi mitatu kwenda nyumba kwa nyumba na ripoti ikaandikwa krosi-seksheni. Siku moja iko wapi hapo?

Halafu kwa Kiswahili si wanaita utafiti mtambuka? Sasa mtambuka si ndiyo kupita huku na huku, masuala mtambuka, jinsia na mazingira na kadhalika. Kwa hiyo huyu dogo hakukosea sana, lugha ndiyo imemponza.

#5 Bibi Takwimu

Mbishi leo umekuja na hoja, nakupa zote mbili.

Miezi mitatu ni sawa tu. Kinachohesabiwa siyo kalenda ya mtafiti, ni kwamba kila mtu kaguswa mara ngapi. Uliingia kila nyumba mara moja? Basi ni krosi-seksheni, hata ungechukua mwaka mzima kumaliza. Na kuna wanaodhani ukimuuliza mtu mambo ya nyuma, "mwaka jana ulikuwa unalalaje", basi utafiti umegeuka wa kufuatilia. Haugeuki. Umepata kumbukumbu ya leo kuhusu jana, na kumbukumbu ni shahidi anayependa kurekebisha maneno.

Kuhusu mtambuka, kweli limeshazoeleka na mimi mwenyewe nimelitumia kwenye ripoti kwa sababu walilitaka. Ila linachanganya, maana masuala mtambuka ni yale yanayopita kwenye kila sekta, hiyo ni dhana nyingine kabisa. Kutambuka ni kuvuka, na hapa havukwi mtu, anakatwa. Mimi ningependa tuseme mkato, utafiti wa mkato wa wakati, ila najua hamtanifuata.

Na iko maana ya tatu inayozidisha fujo. Ukisikia mtu anasema kwenye mkutano kulikuwa na krosi-seksheni ya jamii, anamaanisha mchanganyiko wa watu wa kila aina, kama sampuli inayowakilisha wote. Nahisi Kalamu Butu ulilisikia huko kwanza. Mzizi ni ule ule, ukikata keki ya tabaka nyingi kipande kimoja kinakuonyesha tabaka zote, ila kwenye muundo wa utafiti siyo hiyo inayokusudiwa.

#6 Fundi Waya

Ngoja na sisi wa mtaani tuseme maana huku tunalitumia kila siku bila digrii.

Waya wa mbili na nusu, ile mbili na nusu siyo unene wake. Ni ukubwa wa uso wa mkato, milimita za mraba 2.5. Vijana wapya wote hapa wanapotea, kijana anachukua vernia, kile kipimo cha unene, anapima shaba anapata milimita 1.78 anakuja analalamika tumeuziwa feki. Siyo feki bwana mdogo, piga hesabu ya duara, kipenyo 1.78 kinakupa mraba 2.5. Na ule wa moja na nusu kipenyo chake ni kama 1.38. Kwa macho tofauti ni ndogo mno, nusu milimita haifiki, lakini umeme hauangalii kipenyo, unaangalia uwanja wa kupita.

#7 Kalamu Butu

Fundi hapo kwenye uwanja wa kupita nieleweshe, nusu milimita inaleta shida gani kweli?

#8 Fundi Waya

Sikiliza. Ukinzani wa waya ni urefu gawanya kwa eneo la mkato, halafu zidisha na tabia ya hiyo metali, shaba ni kama 1.68 mara kumi kipeo hasi nane. Chukua soketi iko mita 20 kutoka kwenye breka, umeme unakwenda na kurudi kwa hiyo hesabu mita 40. Kwa waya wa 1.5 unapata ukinzani karibu omu 0.45. Kwa waya wa 2.5 ni 0.27. Sasa chomeka mzigo wa ampea 10, wa kwanza unakula volti 4 na nusu njiani na unatoa joto la wati 45 ndani ya ukuta, wa pili wati 27. Umewasha hita, na ukuta nao unajipasha.

Na kitu kingine watu hawakiamini mpaka uwachoree, ukizidisha kipenyo mara mbili eneo linakuwa mara NNE, siyo mbili. Ndiyo maana ukikutana na mtu anakutajia waya kwa unene badala ya mkato usimuache afunge nyumba yako.

#9 Seremala Mstaafu

Fundi umenikumbusha. Ubao wa milimita 50 kwa 150, eneo la mkato ni lile lile uulaze au uusimamishe, 7,500. Lakini ukiusimamisha kwa ubavu unakuwa mgumu kupinda mara tisa kuliko ukiulaza. Mara tisa! Ubao ule ule, mbao zile zile. Ni kwa sababu kwenye kupinda kimo cha mkato kinahesabiwa kwa kipeo cha tatu na upana mara moja tu. Kwa hiyo kujua eneo peke yake hakutoshi, umbo la mkato na limekaaje ndiyo mpango mzima, na vile vyuma vya herufi I vimetoka hapo hapo, nyama imepelekwa juu na chini, katikati wamebania.

Samahani nimetoka nje ya mada, endeleeni na dodoso zenu.

#10 Msomaji Kimya

Mzee hujatoka popote, nimejifunza zaidi hapa kuliko mihula miwili

#11 Picha Nyeusi

Mimi niko chumba cha mionzi, nimeona mjomba katajwa.

Kalamu Butu, CT skani ni hiyo hiyo habari ya kisu ila kisu ni eksirei inayozunguka na kompyuta inayopiga hesabu. Kichwa cha mgonjwa wa kwanza kilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, na Godfrey Hounsfield pamoja na Allan Cormack wakapata Nobel mwaka 1979. Kabla ya hapo eksirei ya kawaida ilikuwa inakupa kivuli, mbavu juu ya moyo juu ya uti wa mgongo, vyote vimelaliana kwenye karatasi moja. Mkato unatoa huo mrundikano, unaangalia tabaka moja tu, kama umetoa ukurasa mmoja kwenye kitabu.

Mambo mawili ambayo kila mgeni kwenye picha za mkato anayakosea. La kwanza, ini linaonekana upande wa kushoto wa picha, na kila mtu anajua ini liko kulia. Picha haijageuzwa kimakosa. Kwa kawaida mkato wa kukingama tunautazama kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa amelala chali, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Nimeshaona mwanafunzi anabishana na mashine.

La pili ndilo kubwa. Unaona kiduara cheupe kwenye pafu. Ni nini? Inaweza kuwa mshipa wa damu umekatwa kwa kukingama, maana bomba lolote ukilikata hivyo unapata duara. Au inaweza kuwa uvimbe, maana mpira nao ukiukata unapata duara. Kwenye mkato MMOJA huwezi kujua, vinafanana kabisa, na ukikodoa macho mpaka kesho bado vitafanana. Unachofanya ni kusogeza picha, unakwenda mkato wa juu yake, unarudi wa chini. Duara likiendelea kuwepo kila ukurasa na kuhama hama, ni mshipa. Likitokea kurasa chache likapotea, hapo unamuita daktari aje aangalie.

#12 Mbishi Halali

Safi sana, ila sasa mshipa wa mapafu na simu za wanafunzi vinaingilianaje? Uzi unaelekea kuwa wa kila fani.

#13 Bibi Takwimu

Mbishi, Picha Nyeusi kanisaidia kazi, ningetumia kurasa tano kueleza alichosema kwa kiduara kimoja.

Kalamu Butu atakata wakati mara moja, atakuta wanaoshika simu usiku wa manane wengi wao hawalali vizuri. Hicho ndicho kiduara. Sasa ni bomba au ni mpira? Simu inawakosesha usingizi, au walikuwa hawapati usingizi tangu zamani ndiyo wakaamua kushika simu wasikae wanaangalia dari? Au kuna msongo wa mitihani unaoleta vyote viwili? Kwenye mkato mmoja vinafanana kabisa, na huna ukurasa wa juu wala wa chini wa kusogeza.

Na usidhani ni wanafunzi tu wanaoanguka hapo. Kuna kisa cha mashoto, watu wanaotumia mkono wa kushoto. Mwaka 1991 Diane Halpern na Stanley Coren waliwaandikia barua familia za marehemu kusini mwa California wakiuliza huyu ndugu yenu alitumia mkono gani, wakapata wa kulia walikufa kwa wastani wa miaka 75 na wa kushoto 66. Miaka tisa! Magazeti yakachukua. Coren na Halpern walikuwa na ushahidi mwingine pia, kwamba ukiwakata watu kwa mkupuo mmoja unakuta kwenye miaka ya ishirini mashoto ni kama asilimia 13, lakini waliofika 80 hawafiki hata asilimia 1. Ukiangalia haraka unasema aisee, wanapukutika njiani.

Hawapukutiki. Waliokuwa na miaka 80 wakati huo walikuwa watoto mwanzoni mwa karne, enzi ambazo mtoto akishika kalamu kushoto anachapwa mpaka ahamie kulia. Mashoto wazee hawakufa, walibadilishwa mkono wakiwa darasani. Na upande wa vifo hesabu inajipanga vile vile, kama mashoto walio hai wengi ni vijana basi hata mashoto waliokufa nao watakuwa na wastani wa umri mdogo, siyo kwa sababu shoto inaua, ni kwa sababu mashoto wazee wanaojulikana kuwa mashoto ni wachache. Mkato ulionyesha tofauti ya VIZAZI, watu wakaisoma kama safari ya umri. Kizazi cha 1910 na kizazi cha 1970 wamesimama kwenye mstari mmoja, wewe unadhani ni mtu mmoja anazeeka.

Kisa hiki nawapa wanafunzi wangu kila mwaka na kila mwaka kuna shoto mmoja nyuma ya darasa anashusha pumzi.

#14 Msomaji Kimya

Mimi shoto. Nimeshusha pumzi.

#15 Kalamu Butu

Daah. Bibie sasa umenitisha zaidi, maana jina la utafiti wangu ni "ATHARI za matumizi ya simu usiku kwa usingizi wa wanafunzi". Hiyo nayo imekufa?

#16 Bibi Takwimu

Imekufa mwanangu, tena nadhani msimamizi wako aliliona hilo kabla ya lile la idara. Athari maana yake umeona hiki kimetangulia, kile kimefuata. Andika "uhusiano kati ya". Neno moja, linakuokoa nusu ya maswali siku ya utetezi.

Isipokuwa, na hapa watu huwa wanazidisha, siyo kila mara mkato unashindwa kujua kipi kilitangulia. Ukipima kundi la damu na ugonjwa fulani siku moja, hakuna atakayesema ugonjwa umembadilishia kundi la damu, kundi alizaliwa nalo. Shida iko kwa vitu vinavyobadilika kama simu, uzito, kipato, hasira.

Shida nyingine isiyosemwa sana: mkato unapenda vinavyodumu. Chukua magonjwa mawili, kila moja linapata wagonjwa wapya 10 kwa wiki. Moja linaisha wiki moja, jingine linakaa wiki 52. Ukienda siku yoyote kuhesabu utakuta la kwanza wagonjwa 10, la pili 520. Utaandika la pili limeenea mara 52, na ni kweli limeenea, lakini kasi ya kuambukizwa ni sawa sawa. Kinachopimwa na mkato ni prevalensi, wangapi wanacho sasa hivi. Wangapi wapya wanapata, hiyo ni insidensi, mkato wa kawaida haukupi. Na wale wanaokufa haraka au kupona haraka mkato unawaona wachache tu, wengi walishapita kabla hujafika na kalamu yako.

Ukija kwenye uchambuzi, programu itakutemea odzi resho (kila kundi unagawanya wenye tatizo kwa wasio nalo, halafu unagawanya jibu la kundi moja kwa la jingine) kwa sababu ndiyo wote wanayobonyeza. Angalia hapa. Tuseme wanaoshika simu ni 200, wenye usingizi mbovu 120, wasioshika 200, wabovu 80. Asilimia 60 kwa 40, yaani mara moja na nusu. Odzi resho ya hizo hizo namba ni 2.25. Mtu akisoma haraka ataandika "wana uwezekano zaidi ya mara mbili" na huo ni uongo. Kitu kikiwa cha kawaida kwenye kundi, tumia uwiano wa prevalensi, yaani ile mara moja na nusu.

#17 Mbishi Halali

Sasa kama ina matatizo yote hayo si iachwe tu? Kila siku naona tafiti za hivyo zinachapishwa.

#18 Bibi Takwimu

Iachwe halafu utajuaje watoto wangapi wamedumaa, watu wangapi wana kisukari leo, vitanda vingapi vinahitajika? Hayo ni maswali ya "wangapi wanacho", na hapo mkato ndio wenyewe. Sensa ni mkato. Kupima kama kipimo kipya cha ugonjwa kinasema kweli ukilinganisha na kile cha uhakika, unawapima watu vyote viwili kwa wakati mmoja, mkato tena. Hata Framingham kule Marekani, utafiti wa moyo ulioanza 1948 na watu 5,209 na watu wakafuatiliwa miaka na miaka, duru yake ya kwanza ukiitazama peke yake ni krosi-seksheni. Tatizo siyo kisu, tatizo ni mtu anayekata mara moja halafu anasimulia kama alikuwa anaangalia sinema.

#19 Mbishi Halali

Na zile tafiti za afya na idadi ya watu zinazorudiwa kila baada ya miaka kadhaa? Hizo si za kufuatilia?

#20 Bibi Takwimu

Hapana, na hilo ni swali zuri kuliko yote uliyouliza. Zile zilianza 1984 na zimefanyika nchi nyingi, lakini kila duru wanachagua watu WENGINE. Ni mikato mingi imepangwa, krosi-seksheni ya kurudiwa. Inakuambia jamii imehamaje, haikuambii mtu mmoja mmoja kahamaje. Mwaka huu asilimia 30 wanavuta sigara, miaka mitano baadaye asilimia 30. Inaweza kuwa ni wale wale hawajaacha, inaweza kuwa wote waliacha wakaingia wapya. Asilimia haina sura.

Warner Schaie alilifanyia kazi hili kwa akili za watu, alianza Seattle 1956. Alipima watu wazima wa rika mbalimbali, halafu akawarudia wale wale kila miaka saba na kila safari anaongeza wapya. Kwa mkato, uwezo wa akili ulionekana unaanza kushuka mapema utu uzimani. Kwa kuwafuatilia wale wale, wengi walikuwa wanashikilia vizuri hadi karibu na miaka 60. Ile ya mwanzo kwa sehemu kubwa ilikuwa vizazi tena, waliozaliwa baadaye walisoma zaidi. Hadithi ya mashoto imevaa koti jingine.

#21 Hisa na Hasara

Nimechelewa. Kwa upande wetu wa uchumi: kampuni 50 mwaka mmoja ni data za mkato, kampuni moja miaka 50 ni mfululizo wa wakati, kampuni 50 kwa miaka 50 ni paneli. Ukimsikia mtu anasema "kwenye krosi-seksheni ya hisa" anamaanisha analinganisha hisa kwa hisa ndani ya kipindi kile kile, ipi imezidi ipi, hasemi soko lote limepanda au limeshuka. Unaweza kuwa sahihi kabisa kwa mkato, umechagua hisa nzuri kuliko zote, na bado ukapoteza hela kwa sababu zote zilishuka na yako ilishuka kidogo tu. Niulizeni mimi.

#22 Fundi Waya

Jina lako limejieleza mkuu 😂

#23 Atomu Pweke

Niongeze moja la kufurahisha halafu niondoke. Kwenye fizikia ya nyuklia krosi-seksheni hata haimaanishi mkato halisi, hakuna anayekata kiini cha atomu. Ni eneo la kufikirika linalosema uwezekano wa chembe kugonga, kama kiini kingekuwa shabaha ya dati ingekuwa kubwa kiasi gani. Kizio chake kinaitwa barn, maana yake banda la shambani, kilitungwa 1942 Chuo Kikuu cha Purdue na Marshall Holloway na Charles Baker, kwa vile kwa nyutroni kiini kikubwa ni kama kulenga banda zima, huwezi kulikosa. Banda lenyewe ni mita za mraba kumi kipeo hasi ishirini na nane. Na zenoni-135, aina ya gesi, inameza nyutroni za polepole kana kwamba ina mabanda zaidi ya milioni 2, mara nyingi mno kuliko umbo lake la kweli, kwa hiyo ukubwa hapo ni wa uroho siyo wa mwili.

#24 Seremala Mstaafu

Ukubwa wa uroho. Nimeipenda hiyo.

#25 Kalamu Butu

Wakuu nimerudi. Nimeandika upya, nisomeeni: "Utafiti huu ni wa krosi-seksheni. Kila mwanafunzi atahojiwa mara moja, na matumizi ya simu pamoja na ubora wa usingizi vitapimwa kwa wakati huo mmoja. Kwa hiyo utafiti utaonyesha kiwango cha usingizi mbovu na uhusiano wake na simu, hautaonyesha kipi kilitangulia." Jina nimebadilisha, athari imeondoka.

Imebaki moja. Sampuli nimeandika 384 kwa sababu kila mtu niliyemuona kaandika 384. Akiniuliza imetoka wapi?

#26 Bibi Takwimu

Hahaha 384, namba inayopendwa kuliko siku ya kuzaliwa. Inatoka hivi: 1.96, ile namba ya uhakika wa asilimia 95, kwa 1.96 unapata 3.8416, zidisha 0.5 kwa 0.5 (unakisia nusu ya watu wanacho), gawanya kwa 0.05 kwa 0.05 (kosa unalokubali). Inatoka 384.16. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 nalo linaishia hapo hapo kwa watu milioni moja. Ukiwa mkali unapandisha iwe 385 maana huwezi kuhoji asilimia 16 ya mtu.

Maana yake unakubali kukosea asilimia 5 juu au chini. Kwa usingizi mbovu unaotarajia kuwa kama nusu ya watu, haina neno. Kama ungetafuta kitu cha asilimia 4, kosa la asilimia 5 lingekuwa kichekesho. Na hiyo namba ni ya kukadiria prevalensi, lengo lako la pili la kulinganisha wenye simu na wasio na simu lina hesabu yake, ifanye uone ipi kubwa uchukue hiyo. Halafu ongeza watakaokataa, ukitegemea mmoja kati ya kumi atakataa gawanya 384 kwa 0.9 upate 427.

Ile sentensi yako ya mwisho, "hautaonyesha kipi kilitangulia", usiifute hata mtu akikuambia inaushusha utafiti.

#27 Mbishi Halali

Mimi nilikuwa nataka kumwambia aifute.

#28 Kalamu Butu

Haifutwi. Naprinti.